Nyumba inayojiendesha ndani ya Second Life: ninunue nyingine au nitengeneze hii?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina kiwanja cha mita za mraba 1,024 kwenye Second Life, ile dunia ya mtandaoni, upande wa bara, yaani ardhi inayoungana ya watu wengi. Nilinunua nyumba ya kisasa inayojiendesha: milango, mapazia, vioo, taa, muziki na ulinzi, vyote kwa paneli moja ukutani. Siku mbili za mwanzo nilifurahi sana. Kisha nikaisogeza mita sita na kuigeuza itazame bahari. Milango mitatu ilibaki kule kule ilikokuwa. Mmoja uliohama pamoja na nyumba, nikiugusa unafungukia ndani ya ukuta. Taa zinazoamrishwa kwa maandishi hazijawahi kunisikia hata mara moja. Mume wangu, ninayekaa naye humo, hawezi kufungua hata pazia, na tufe la ulinzi lilimfukuza mgeni wangu kabla hajamaliza salamu. Muuzaji hajibu. Wenzangu wananishauri ninunue ya bei kubwa zaidi. Ninunue, niitengeneze hii, au nijenge yangu? Na nyumba nzuri ya aina hii inapaswa kuwaje?

Jibu: Marahaba, dada. Usitoe pesa nyingine kwa sasa. Hitilafu hizo nazijua moja moja, kwa kuwa nilizifanya zote nilipoanza kujenga, na hakuna hata moja inayotokana na unafuu wa bei. Nimefungua nyumba za bei kubwa nikazikuta mle mle. Zote zina shina moja: nyumba yako haina akili moja inayoiongoza. Ina vipande vingi, na kila kipande kina skripti yake, yaani maandishi ya amri za kompyuta, inayojifikiria peke yake. Mlango haujui kwamba ni sehemu ya nyumba. Taa haijui mwenye nyumba ni nani. Tufe halijui mume ni yupi na mpita njia ni yupi. Paneli inatangaza amri hewani, na atakayesikia ndiye atakayeitika.

Tuanze na milango, maana hapo ndipo pana somo kubwa. Dunia ya Second Life imegawanywa katika maeneo ya mita 256 kwa 256, na kitu kinachosimama peke yake hupimwa mahali pake kuanzia kona ya eneo. Kitu kilichounganishwa na kingine hupimwa kuanzia kwenye kile tunachokiita mzizi wa muungano. Milango yako mitatu iliyobaki nyuma haikuwa imeunganishwa na nyumba hata kidogo. Nyumba nyingi huuzwa ndani ya kisanduku kinachotoa vipande vyake na kuvipanga, na vipande hivyo huonekana kama kitu kimoja kwa macho tu. Ukitaka kuihamisha nyumba ya namna hiyo unakihamisha kisanduku, nacho kinaviita vipande vyote vikifuate. Ukishakifuta kisanduku, kama wengi tunavyofanya siku ya kwanza kwa kuwa kinaziba sebule, umepoteza kamba inayovifunga vipande hivyo.

Mlango wa nne, ule unaofungukia ukutani, una kosa jingine. Umeunganishwa, lakini aliyeandika skripti yake aliuamuru uelekee upande fulani wa dunia, kana kwamba nyumba haitageuzwa kamwe. Skripti iliyoandikwa vizuri huuambia mlango: geuka digrii tisini kutoka ulipofungwa, ukihesabu kwa nyumba yenyewe. Kwa LSL, lugha ya kuandikia skripti humo, hiyo ni tofauti kati ya kutumia mzunguko wa dunia na kutumia PRIM_ROT_LOCAL. Neno moja tu kwenye mstari mmoja, na ndilo linaloamua kama nyumba inaweza kuhama.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa nyumba yoyote ni hili: naiweka, naigeuza digrii 37, kisha nafungua na kufunga kila mlango mara kumi. Nachagua 37 makusudi. Digrii 90 huficha makosa, kwa sababu mlango uliokosea robo ya mzunguko unaweza bado kuonekana umekaa sawasawa. Kwa pembe isiyo ya kawaida, kosa lolote linajianika. Mara kumi nazo zina sababu yake. Zipo skripti zinazouzungusha mlango kutoka pale ulipo wakati huo, badala ya pale unapotakiwa kuwa, na ukiubofya haraka kabla haujatulia unapotoka kidogo. Baada ya wiki una mlango uliokaa upande.

Kuirekebisha milango ile mitatu si kazi kubwa. Ifunge kwa mkono mahali pake sahihi, ichague, kisha ichague nyumba mwisho kabisa, uunganishe. Kitu unachokichagua mwisho ndicho kinachokuwa mzizi, na mzizi lazima uwe nyumba. Ukikosea mpangilio huo, mlango wa choo ndio utakaoongoza jumba zima, na siku utakapoubofya jumba litageuka pamoja nao. Angalia pia kama muungano una nafasi: mwisho ni vipande 256, mzizi ukiwemo, na visiwe mbali mno.

Ila kabla hujabonyeza kitufe cha kuunganisha, tazama namba ya uzito wa nyumba, yaani inakula kiasi gani cha nafasi ya vitu kwenye kiwanja, halafu uitazame tena baada ya hapo. Kiwanja chako cha bara kina nafasi ya uzito wa 351 kwa jumla, na nyumba inagombea nafasi hiyo na vitanda, miti na gari. Tangu meshi, yaani maumbo yanayotengenezwa kwa programu za nje, ilipoingia mwaka 2011, uzito wa muungano wenye meshi huhesabiwa kwa mambo matatu: ukubwa wa data anayopakua mtazamaji, ugumu wa umbo kwa upande wa kugongana, na mzigo kwa seva, ile kompyuta inayoendesha eneo. Namba kubwa kuliko zote ndiyo unayotozwa. Primu ya zamani (umbo la msingi linalojengwa humo humo) iliyokatwakatwa au kutobolewa inaweza kuwa nyepesi ikiwa peke yake, ikaunganishwa na meshi, na namba ikapaa ghafla kwa sababu umbo lake la kugongana sasa linahesabiwa upya. Dawa yake ni kuifungua sehemu ya sifa za primu hiyo na kubadilisha umbo la kugongana liwe lile rahisi la kuzungushia, au kuliondoa kabisa kwa vitu vya kupita kama mapazia. Mzizi hauruhusiwi kuondolewa umbo hilo. Na usithubutu kuwekea nyumba yenyewe lile umbo rahisi: milango itaonekana wazi, lakini utagonga hewa, kwa kuwa seva inaiona nyumba kama gogo lisilo na tundu.

Jambo moja zaidi kuhusu milango kabla hatujasonga. Primu huzunguka kwenye kitovu chake, wakati mlango wa kweli huzunguka kwenye bawaba. Ndiyo maana mlango wa primu unaofunguka vizuri ni boksi lililokatwa nusu, ili kitovu kiangukie ukingoni. Mafundi wa meshi hufanya ujanja ule ule kwa kuongeza pembetatu ndogo isiyoonekana upande wa pili wa bawaba. Ukiamua kubadilisha mlango wako kwa ubao wa kawaida ukatia skripti ile ile, utazunguka katikati kama pangaboi. Wengi huilaumu skripti kwa hilo, na skripti haina kosa.

Sasa taa zisizokusikia. Ninaweza kukuambia zinamsikia nani: muuzaji. Skripti inapoanza kazi kwa mara ya kwanza inafungua sikio lake kwa mtu mmoja, mmiliki wa wakati huo, na namba yake ya utambulisho inabaki humo. Nyumba inapouzwa, umiliki unabadilika, lakini skripti haianzi upya yenyewe isipokuwa iwe imeambiwa ifanye hivyo mmiliki anapobadilika. Fundi makini huandika mistari mitatu ya kushughulikia tukio hilo. Asiye makini hagundui kamwe, kwa kuwa akijaribu nyumba yake mwenyewe taa zinamtii vizuri kabisa. Kama una ruhusa ya kuirekebisha nyumba, ichague, nenda kwenye menyu ya ujenzi, sehemu ya skripti, uziamuru zote zianze upya. Fanya hivyo milango ikiwa imefungwa, maana skripti nyingi za milango hukariri hali ya kufungwa wakati huo huo wa kuanza. Nina hakika kubwa taa zako zitakusikia baada ya hapo.

Ukiwa hapo hapo, jua chaneli inayotumika. Chaneli ya 0 ni mazungumzo ya kawaida ya watu, na skripti inayoisikiliza hiyo inaamshwa na kila neno linalosemwa karibu nayo, hata watu wakipiga soga tu. Amri zipite chaneli nyingine, kwa mfano kuandika /7 kabla ya amri. Na kwa vile wauzaji hutumia chaneli moja kwa nyumba zote wanazouza, majirani wawili wenye nyumba ya aina moja hujikuta wanafunguliana milango. Mazungumzo ya kawaida hufika mita 20, sauti ya juu mita 100, na amri ya eneo zima hufika kila kona ya zile mita 256. Paneli inayotangaza kwa eneo zima bila kukagua mmiliki wa kitu kilichotuma amri inamfungulia jirani. Nimewahi kuamka usiku, kwa saa za dunia ile, mapazia yangu yakipanda na kushuka bila mtu ndani, nikakaa siku nzima nikitafuta kosa kwenye skripti yangu kumbe ni kidhibiti cha jirani wa ng'ambo ya barabara.

Njia iliyo salama ni kutotangaza kabisa. Ndani ya muungano mmoja vipande vinaweza kutumiana ujumbe wa ndani usiosikika nje, na bora zaidi, skripti moja iliyoko kwenye mzizi inaweza kufanya kazi ya vipande vyote. Hapa ndipo ninapotaka uelewe nyumba nzuri ikoje, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi huweka akili ya nyumba katika skripti moja kwenye mzizi. Kila kipande kinachotembea au kuwaka nakipa jina: mlango wa sebule, pazia la chumba kikubwa, kioo cha kaskazini, taa ya ngazi. Skripti inapoanza inapita kipande kwa kipande, inasoma majina, inaandika ni kipande namba ngapi. Haitegemei namba zilizoandikwa na fundi, kwa sababu namba za vipande hubadilika kila unapounganisha au kutenganisha kitu, na nyumba iliyofungwa kwa namba itawasha jiko ukigusa pazia mara tu utakapoongeza rafu ya vitabu. Muungano ukibadilika, skripti inapata taarifa na kusoma majina upya. Ukigusa mlango usio na skripti yake, mguso unapanda hadi kwenye mzizi, nao unajua ni kipande gani kimeguswa. Kisha amri moja, llSetLinkPrimitiveParamsFast, inavisogeza vipande viwili vya mlango wa kuteleza kwa pamoja. Ile amri ya zamani isiyo na neno Fast huilaza skripti sehemu mbili za kumi ya sekunde kila inapotumika. Kwa mapazia manane mfululizo unaona yakifuatana moja moja kama watoto kwenye foleni.

Skripti ya kisasa ina kilobaiti 64 za kumbukumbu, zinazotosha nyumba ya kawaida. Hata hivyo ulinzi nautenga katika skripti yake. Orodha ya watu ikiwa ndefu na kumbukumbu ikajaa, skripti husimama kabisa, na sitaki orodha ya wageni ifunge milango yangu. Sababu ya pili ni kwamba kila skripti ina saa moja tu ya kuiamsha. Ulinzi unaihitaji saa hiyo kwa namna moja, milango inayojifunga inaihitaji kwa namna nyingine, na kuzichanganya huleta makosa magumu kuyafuatilia.

Kwa nini nashikilia uchache wa skripti hivi? Seva hujaribu kuzungusha eneo zima mara 45 kwa sekunde. Kila mzunguko una milisekunde 22 na ushei, na humo humo lazima vipite mienendo ya watu, kugongana kwa vitu na skripti za kila mtu aliye katika eneo hilo. Skripti inayolala inakula kidogo sana, lakini si sifuri. Skripti inayojiamsha mara kumi kwa sekunde kuuliza kama kuna mtu mlangoni inakula haki ya majirani wako mchana kutwa, hata ukiwa umezima kompyuta na kwenda zako. Nyumba nyingi zinazosifiwa kuwa zinajiendesha zimejengwa hivyo, kwa kuuliza bila kukoma. Mlango unaofunguka wenyewe unapokaribia unapendeza, sikatai, lakini njia ya uungwana ni kuuwekea zulia la kukanyaga: seva yenyewe inaitaarifu skripti mguu unapogusa, na kabla ya hapo skripti imelala. Saa ya kuufunga mlango iwashwe mlango unapofunguka, izimwe unapofungwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa taa zinazojiwasha jioni. Siku ya kawaida ya Second Life ina saa nne za kwetu, tatu za mchana na moja ya usiku. Kuliangalia jua kila dakika tano kunatosha kabisa. Jua pia mipaka ya jambo hili: tangu mwaka 2020 mwenye kiwanja anaweza kuweka anga yake mwenyewe, na kila mtazamaji anaweza kujiwekea anga ya macho yake peke yake. Skripti inaweza kulisoma jua la kiwanja. Haiwezi kujua kwamba mgeni wako amejiwekea adhuhuri. Kwa hiyo akikuambia taa zako zinawaka mchana kweupe, usianze kufumua skripti.

Tuje kwa mume wako. Paneli yako huenda inamjua mtu mmoja tu, mmiliki, na fundi hakufikiria kwamba watu wawili wanaweza kuishi nyumba moja. Suluhisho la haraka ambalo nyumba nyingi hulitoa ni kikundi: nyumba inawekwa chini ya kikundi, na yeyote wa kikundi hicho anaruhusiwa. Litafute kwenye menyu ya paneli. Kama lipo, tengenezeni kikundi cha watu wawili, uiweke nyumba humo, na umkumbushe kwamba skripti inaangalia kikundi alichokivaa juu ya kichwa wakati ule, wala si vyote alivyojiunga. Akirudi kutoka matembezini akiwa amevaa kikundi cha klabu ya muziki, mlango wake mwenyewe utamkataa.

Mimi sipendi kutegemea kikundi kwa nyumba ya familia, sababu ndiyo hiyo. Napenda orodha ya ruhusa yenye ngazi tatu: mwenye nyumba, mkazi, mgeni. Mkazi anafanya kila kitu isipokuwa kubadilisha orodha. Mgeni anafungua milango ya mbele na kuwasha taa za chumba alichomo. Na orodha itunze namba za utambulisho, isitunze majina. Tangu 2020 watu wanaweza kulipia kubadilisha majina yao, na nyumba inayowajua watu kwa majina itamfungia nje rafiki yako siku atakapobadilisha la kwake.

Menyu yenyewe ina vitufe 12 kwa wakati mmoja, kila kimoja na maneno machache sana. Ukiona nyumba inayokupitisha kurasa tano za menyu ili kufunga pazia, aliyeitengeneza haishi ndani yake. Ninachofanya ni kuacha pazia lenyewe liguswe, taa yenyewe iguswe, na paneli ibaki kwa yale ya nyumba nzima: funga vyote, zima vyote, hali ya usiku, orodha ya watu.

Tufe la ulinzi ndilo nililo na maneno mazito nalo. Kwa bara, kiwanja chako kimezungukwa na njia za watu wanaoruka na kuendesha vyombo, na mtu anayepita juu ya paa lako hajakukosea. Tufe linalomfukuza bila onyo linamvua chombo chake katikati ya safari. Linden Lab yenyewe, kampuni yenye Second Life, kwenye nyumba inazowapa wanachama wake kule Bellisseria, inataka onyo la sekunde 15 kwa uchache. Weka lako hivyo au zaidi, lipunguze lisivuke mipaka ya kiwanja chako, na liishie urefu wa paa. Pia chagua tufe linaloiomba seva orodha ya watu waliopo kwenye kiwanja, badala ya lile linalopapasa duara la hadi mita 96 kwa kihisi kila sekunde. La kwanza ni jepesi na linafuata mipaka halisi. La pili linachukua kiwanja, kipande cha jirani na barabara pia.

Na kabla ya yote, jiulize unalihitaji kwa nini. Kama ni faragha, tufe halikupi. Vioo vyako vya kujitia giza navyo havikupi, ingawa matangazo husema hivyo. Kamera ya mtazamaji haizuiwi na ukuta. Mtu akisimama nje anaweza kuisogeza ndani ya chumba chako cha kulala akatazama, na mazungumzo ya mita 20 yanapenya zege. Kinachokupa faragha ni alama moja kwenye mipangilio ya kiwanja, ile inayoruhusu avata (miili ya watu humo) wa viwanja vingine kuwaona na kuzungumza na waliomo. Iondoe. Kuanzia hapo aliye nje ataona samani zako lakini hatawaona ninyi wala kusikia maneno yenu. Ni bure, haina skripti, na inafanya kazi kuliko vifaa vyote vya ulinzi nilivyowahi kuuziwa.

Vioo basi vibaki kwa uzuri wake, na uzuri upo. Kubadilisha uwazi wa kioo ni kazi nyepesi kwa skripti. Shida iko machoni: vitu viwili vyenye uwazi vikikaa mbele na nyuma, kama kioo na pazia jepesi, programu ya kutazamia huchanganyikiwa kipi kiko mbele, na unaona pazia likiruka nje ya kioo unapozunguka. Pazia liwekwe aina ya uwazi wa kukata, ambao sehemu ama inaonekana ama haionekani, tatizo linaisha.

Muziki nitaupitia haraka. Skripti inaweza kubadilisha redio ya kiwanja endapo tu mmiliki wa kitu ndiye mmiliki wa ardhi. Kama ardhi ni ya kikundi, kifaa cha redio lazima nacho kikabidhiwe kikundi. Ndiyo sababu usiunganishe redio na nyumba: ukiikabidhi, nyumba nzima itaondoka mikononi mwako.

Kuhusu vipimo, maana umesema unafikiria kujenga. Usinakili ramani ya nyumba halisi. Kamera hukaa nyuma na juu ya avata, na dari ya mita mbili na nusu itaisukuma hadi uone kisogo chako tu. Dari ya mita nne au tano, mlango wa mita tatu, ngazi pana. Chumba kitaonekana kikubwa kwenye mchoro na cha kawaida ukiingia.

Sasa uamuzi. Fungua nyumba kwa kuihariri, tazama jedwali la ruhusa za mmiliki. Ruhusa ni tatu: kurekebisha, kunakili, kuhamisha. Kama unaruhusiwa kurekebisha, itengeneze hii, bila shaka yoyote. Skripti zenyewe huenda zimefungwa usizisome, lakini kama nyumba inarekebishika unaweza kuziondoa zote na kutia moja yako kwenye mzizi. Kuta zimeshajengwa, na kuta ndizo kazi ndefu. Kama unaruhusiwa pia kunakili, toa nakala ya pili ujifunzie hiyo, na ya kwanza ibaki salama kwenye inventori, ghala lako la vitu. Kama huruhusiwi kurekebisha, iache hivyo hivyo kwa sasa, uanze yako pole pole. Jifunze kwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, pazia moja na taa moja, skripti ikiwa moja. Ikishavumilia zile digrii 37, ongeza vyumba. Meshi ukianza kuitengeneza, ijaribu kwanza kwenye Aditi, ile dunia ya majaribio ya Second Life, ambako kupakia hakukugharimu pesa za kweli.

Ukinunua hata hivyo, usinunue kwa picha. Nenda kwenye nyumba ya maonyesho, uguse kila kitu, uulize skripti ni ngapi na kama mkazi wa pili anaongezwa kwa menyu. Muuzaji asiyekuruhusu kuijaribu ikiwa imesimama mpite.

Kitu cha mwisho ni samani zinazojibadilisha, sebule inayogeuka chumba cha kulia kwa kitufe, ambazo najua zitakujia kichwani. Zinapunguza uzito kweli, kwa sababu seti moja tu huwa nje. Ziache mpaka nyumba itulie, na usitie kitu chochote usichoruhusiwa kunakili kwenye kisanduku chake: kikitolewa hakibaki ndani, na kisanduku kinapoamuru seti ifutike, kinafutika moja kwa moja. Kisanduku pia hutoa vitu umbali wa mita 10 tu kutoka kilipo, kwa hiyo kiweke katikati ya chumba, sakafuni, chini ya zulia.

Anza leo na ile alama ya faragha, kisha onyo la sekunde 15, kisha kuziamuru skripti zianze upya. Milango uifanye ukiwa na saa nzima ya utulivu. Halafu niandikie jedwali la ruhusa linasema nini na namba ya uzito imesimama wapi, nami nitakutumia skripti ya mlango mmoja ya kuanzia.